Samaki wa Haji Wahamia kwa Bi. Mize

Alkhamisi, 2 Julai 1970

Nimetoka zamu ya asubuhi. Wodi ya wazazi imejaa. Watoto wawili wamezaliwa kabla sijavua buibui. Miguu inauma.

Nimefika nyumbani nikafanya kazi ya kila Alkhamisi. Kuteka ndoo mbili za maji kutoka kwenye tangi la kioo, kutia ndoo mbili nyengine zilizolala tangu jana. Maji ya bomba hayatiwi siku ile ile. Yana dawa, yanawaunguza samaki. Haji alinifundisha hayo zamani, alipokuwa bado mwingi wa maneno.

Tangu mume wangu apigwe na kiharusi mwaka jana, upande wa kulia haumtii na maneno yanamtoka moja moja. Alikuwa fundi saa. Sasa anakaa mbele ya tangi asubuhi mpaka magharibi, na kwa mkono wa kushoto ananyunyiza makombo ya mkate wa boflo. Samaki sita wa dhahabu. Alipewa na jirani yetu Bwana Ramji siku alipohamia Dar es Salaam, wakati huo wadogo kama vidole vya mtoto. Mkubwa wao ana mkia mrefu unaoburura, Haji anamwita Bibi Harusi. Mdogo kabisa ni Robo. Wakija kula mkononi mwake, uso wake unakunjuka. Kwa hilo tu nawapenda.

Chini ya meza pameloa. Nimepangusa. Nadhani nimemwaga mwenyewe.

Jumamosi, 4 Julai

Sikumwaga mimi. Tangi linavuja, kona ya nyuma.

Nimelijua hilo kwa njia mbaya. Asubuhi Bi. Mize kapanda ngazi, anagonga mlango kwa kiganja. Yeye ndiye jirani yetu wa chini, mwenye vyumba viwili, ua na paka mmoja. Sisi tuko juu yake. Nimemwamkia shikamoo, hakuitika.

"Maji yenu yananidondokea kitandani, Zuhura. Nshalala kwenye mkeka siku mbili. Na boriti zenyewe za nyumba hii ushaziona zilivyo. Mnataka mniangukie?"

Nimemwambia tutatengeneza. Kasema hayo ndiyo niliyomwambia mwaka jana kuhusu kamba ya nguo. Kweli tuligombana kwa kamba ya nguo, na tangu siku ile salamu zetu ni za kutupiana. Haji anatazama samaki wake kama mtoto aliyeogopa kunyang'anywa.

Simpendi mwanamke yule. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyo.

Jumapili, 5 Julai

Fundi Khatibu wa vioo kaja baada ya adhuhuri. Kazungukia tangi, kagonga kwa kucha, kanusa. Chuma cha fremu kimeliwa na kutu. Puti iliyoshika kioo imekauka, inamomonyoka kama mkate mkavu. Puti mpya haipo madukani. Kioo cha ukubwa ule hakipatikani mjini, labda meli ilete, na meli italeta lini hajui mtu.

Kayeyusha mshumaa, kaziba kona kwa nta na kitambaa. Kaniambia nipunguze maji mpaka nusu na nitafute pahala pengine upesi.

"Hili si la kutengenezwa tena, Bi. Zuhura. Hili ni la kuhamwa."

Kanywa kahawa, kaenda zake. Jumapili ya watu, na kaja. Mungu amlipe.

Nimepunguza maji. Samaki wamejikusanya chini, hawakupenda. Haji pia hakupenda. Nimemuuliza tuwapeleke wapi. Kanitazama, midomo ikacheza, neno halikutoka. Kageuza uso dirishani.

Jumatatu, 6 Julai

Kona kavu. Nimekutana na Bi. Mize mlangoni, kapita. Nami nimepita.

Nimeuliza kazini kama kuna mtu ana tangi. Wamecheka. Samaki wa kutazamwa, na mchele wenyewe haupatikani.

Jumanne, 7 Julai

Tangi limepasuka. Haji mzima. Naanza na hilo.

Nimerudi kazini nikakuta ngazi zimeloa kuanzia mlango wa chini. Nimezipanda mbio. Chumba kizima maji. Vipande vya kioo vimekusanywa pembeni juu ya gazeti. Haji yuko kitandani, fulana kavu, kikoi kikavu, kiganja cha kushoto kimefungwa kitambaa. Na kwenye kigoda changu cha jikoni kakaa Bi. Mize, khanga zimemloa mpaka kiunoni. Mbele yake beseni lake la kufulia, lile jeupe lenye maua. Ndani ya beseni, samaki.

"Usipige kelele," kaniambia kabla sijafungua mdomo. "Mumeo mzima. Kajikata kidogo. Samaki mmoja kanishinda, kafa."

Alinihadithia huku akikamua pindo la khanga. Kona iliachia ghafla. Haji alikuwa peke yake. Alijiangusha kutoka kitini, akaburura mwili mpaka kwenye meza, akaegemeza bega lake zima kwenye kioo kuzuia maji. Bi. Mize chini alisikia kishindo, kisha dari ikaanza kumtiririkia. Akapanda.

"Nilikuja na matusi yangu mdomoni, mwenzangu. Nikamkuta vile. Nikayameza."

Akashuka mbio, akarudi na beseni. Akateka maji yaliyobaki tangini, akawatoa samaki kwa upande wa khanga mmoja mmoja, na Haji bado amekishikilia kioo. Alipomtoa wa tano kioo kikapasuka. Wa sita alianguka na vigae. Kisha akamwita muuza kahawa aliyekuwa akipita njiani, wakamnyanyua Haji pamoja, na yeye akasubiri nje muuza kahawa akimvisha nguo kavu. Kidonda kakiosha kwa maji ya chumvi kabla sijafika. Mimi mkunga nisingekifunga vizuri zaidi.

Nimelia mbele yake. Sikutaka, nimelia. Kaniacha nilie. Kisha kaniomba chai.

Nilipompa kikombe nimemwambia, "Bi. Mize, sijui nikwambie nini."

"Niambie sukari iko wapi," kajibu.

Jumatano, 8 Julai

Watano wamebaki. Robo yumo. Bibi Harusi yumo, mkia umechanika.

Beseni ni dogo. Wanapanda juu na kufunua midomo, wanatafuta pumzi. Nawabadilishia maji kidogo kidogo kwa yale yaliyolala ndooni. Haji anayatazama kwa jicho la ufundi. Leo kanishika mkono nilipotaka kuwapa chakula.

"Usi... usiwape."

Wakibanwa wasishibishwe, ndiyo maana yake. Maji yatachafuka. Neno refu kuliko yote aliyosema mwezi huu.

Bi. Mize kapanda tena jioni. Kasimama, kalitazama beseni, kavuta midomo.

"Hawa watakufa humu."

"Najua, Bi. Mize. Sina pa kuwatia."

Kachovya kidole majini. Kisha kasema uani kwake kuna birika la zamani, la mawe na chokaa, lililokuwa la kutilia udhu enzi za marehemu mume wake. Tangu yaje mabomba halina kazi. Limejaa magunia na vifuu. Kubwa, kasema, hata mbuzi angeogelea.

Nimemuuliza kama kweli ana maana hiyo.

"Mie ningepanda ngazi zote hizi kufanya mzaha?"

Alkhamisi, 9 Julai

Sikulala nilipotoka zamu. Nimeshuka kwa Bi. Mize na ndoo na makumbi ya nazi. Mara yangu ya kwanza kuingia ua ule tangu kamba ya nguo.

Tumetoa magunia, vifuu, taa mbovu, na mende wa kutosha. Nikachukua sabuni. Haji alikuwa dirishani juu, kaigonga fremu ya dirisha kwa nguvu. Nimetazama juu. Anatikisa kichwa. Hapana, hapana. Sabuni hapana. Tumesugua kwa makumbi na chumvi ya mawe, tukasuuza, tukasugua tena. Haji kasimamia yote kutoka juu. Bi. Mize kasema hajapata kusimamiwa kazi na mtu asiyesema, na kwamba ndiyo raha, angekuwa anasema wangegombana.

Nimecheka. Sikumbuki mara ya mwisho.

Birika safi. Halivuji. Lina kivuli cha ukuta mchana wote. Sasa maji.

Ijumaa, 10 Julai

Maji ya bomba yamekatika mtaa mzima. Nimefungua bomba asubuhi likakohoa, basi.

Ndoo zangu mbili nimeshazitumia. Maji ya beseni yamekuwa mazito, yananuka. Robo amelala ubavu, anajinyanyua, analala tena. Haji hakula chakula cha mchana. Nimemkasirikia, nikamwambia samaki ni samaki. Kisha nimejuta, kwa sababu si kweli, na yeye anajua kwamba najua.

Nimetuma salamu kwa kaka yangu Makame, anayekaa Kiembe Samaki, kwa dereva wa gari ya abiria. Ana kisima cha maji matamu. Nimemwomba madebe yoyote atakayoweza. Sijui kama ujumbe utafika. Sijui kama atanicheka.

Bi. Mize kaleta mtungi wake wa maji ya kunywa. Wa mwisho alionao. Kaumimina nusu kwenye beseni taratibu, pembeni, kama alivyomwona Haji akinionesha. Nimemwambia, na wewe utakunywa nini? Kasema atakunywa nusu iliyobaki.

Naogopa sana usiku huu. Nimemsomea dua samaki. Mungu anisamehe kama haifai.

Jumamosi, 11 Julai

Makame kaja!

Kaja na madebe juu ya paa la gari, yamefunikwa majani ya mgomba yasimwagike. Abiria wamemuuliza kuna harusi wapi. Kawajibu harusi ya samaki. Wakacheka njia nzima, kisha walipofika kituoni wakamsaidia kuyashusha, na wawili wakayabeba mpaka kwetu. Watu nisiowajua. Hata majina yao sikuwahi kuuliza.

Makame kampelekea Haji maji kidogo kwenye kata. Haji kayatia kiganjani, kayaonja, kayatazama kwenye mwanga.

"Matamu," kasema. Wazi kabisa.

Madebe yamejaza birika robo tatu. Nimetaka kuwatia samaki pale pale. Haji kakataa. Mpaka kesho. Maji yatulie, yapate joto la ua. Maji ya kisima ni baridi, na samaki wamechoka.

Robo bado anapumua.

Sasa jambo jengine. Nani atawatia? Haji anajua namna, sisi hatujui. Na Haji hashuki. Mwaka jana walimshusha juu ya kiti kumpeleka hospitali, wakampandisha juu ya kiti, mtaa mzima umesimama kutazama, na wengine wakimwomboleza kama maiti. Tangu siku ile hajakanyaga ngazi. Nimemsihi mwaka mzima, kwa upole na kwa ugomvi. Ananigeuzia uso. Nimeacha.

Bi. Mize hakujua hayo. Au alijua, akafanya kama hajui. Kasimama chini ya ngazi kapaza sauti.

"Bwana Haji! Birika tayari. Mie sijui samaki, na mkeo hajui samaki. Kesho mwenyewe ushuke. Ukitoshuka, nitawatia kwa mwiko wa ubwabwa!"

Kiti cha Haji kikalia juu.

Kisha, "Naam."

Neno moja tu. Nimeketi kwenye kidato cha ngazi.

Jumapili, 12 Julai

Kashuka.

Sitaki kuandika upesi nikasahau kitu.

Makame alitaka kumbeba. Haji kakataa kwa kichwa. Kakaa kwenye kidato cha juu, kashuka kwa makalio, kidato kimoja, anapumzika, kidato kimoja. Mguu wa kulia anaushusha kwa mkono wa kushoto, ule wenye kitambaa. Mimi mbele yake nikishuka kinyumenyume, Makame nyuma yake. Jasho lilimtoka kama mvua. Katikati alisimama, macho kafumba, nikadhani atasema turudi. Kashuka kimoja tena. Kutoka njiani watu walimwona kwa mlango ulio wazi. Muuza kahawa yule yule alikuwepo. Kaweka birika lake la kahawa chini, kasema "Karibu mtaani, Bwana Haji," basi, kaondoka na njia yake. Hakuna aliyeomboleza.

Bi. Mize alikuwa keshaweka kiti kando ya birika, na mto. Paka wake hakuwepo. Nimeuliza paka. Kampeleka kwa dada yake mtaa wa Ng'ambo tangu Alkhamisi, hakumwambia mtu. Paka aliyemlea tangu hajafumbua macho! Nimemshika mkono tu.

Kisha kazi. Makame kashusha beseni. Nikataka kulimimina, Haji kasema, "Acha. Lielee."

Tukaliweka beseni juu ya maji ya birika, likaelea kama chombo kidogo. Joto la ndani na la nje lifanane, ndivyo. Tukasubiri. Haji akanionesha kwa kidole: kata moja ya maji ya birika ndani ya beseni. Subiri. Kata nyengine. Subiri. Samaki wakaanza kutembea. Bibi Harusi akazunguka. Robo bado ubavu.

Nilitaka kuwashika kwa mkono. Haji kanizuia. Mkono mkavu wa mtu unawatoa utando wao, wanaugua. Tumeinamisha beseni polepole mpaka ukingo ukazama, tukaacha watoke wenyewe. Wa kwanza katoka. Wa pili. Wa tatu karuka!

Kaanguka sakafuni, anapigapiga mawe. Bibi Harusi. Nimepiga kelele. Makame kamkimbilia kwa mikono mikavu, Haji kasema "Hapana!" kwa sauti sijaisikia tangu ugonjwa. Bi. Mize kachovya ncha ya khanga yake majini, kamfunika, kamkusanya kama mtu anavyookota yai, kamrudisha. Kazama. Tumetazama wote wanne, vichwa vimegusana. Kisha mkia ule uliochanika ukafunguka majini, kaenda.

Robo alitoka wa mwisho. Hakuogelea, alichukuliwa na maji. Kalala chini ya birika. Haji kainama mpaka pua ikakaribia maji, kakaa vile muda mrefu.

Nimefunika birika kwa kipande cha chandarua, wasiruke tena. Makame kalala kwenye mkeka wa Bi. Mize, hoi. Bi. Mize kapika muhogo wa nazi, tumekula uani, na Haji kala sahani mbili.

Kupanda ilikuwa tabu kuliko kushuka. Kapanda.

Jumanne, 14 Julai

Robo anaogelea. Kidogo ubavu, lakini anaogelea. Haji kashuka asubuhi bila kuombwa. Alinifokea kwa kuwa nilichelewa kumfungulia mlango. Amenifokea! Nimefurahi mpaka nikajificha jikoni.

Yule aliyekufa nilimfukia siku ile ile kwenye chungu cha mrehani. Sikuwahi kumwandika. Alikuwa mwekundu mwenye doa jeupe shingoni.

Ijumaa, 17 Julai

Leo wamekula, wote watano. Makombo machache tu, Haji kayahesabu kwa macho yake makali.

Jana Bi. Mize kamletea saa yake ya ukutani, imekufa miaka. Haji hawezi kuitengeneza kwa mkono mmoja. Kamwambia hivyo, maneno mawili. Bi. Mize kasema basi amfundishe yeye, mikono anayo miwili na kazi hana. Nimewaacha wamefungua saa juu ya chano, vipande vyake kama mchele unaochambuliwa. Hawakuona nilipotoka.

Nimekwenda kazini nikizungumza peke yangu njiani. Nikishukuru kwa sauti. Mtu mmoja kwenye vespa kanigeukia.

Jumapili, 19 Julai

Sina zamu.

Asubuhi baridi ya kipupwe. Nimeamka, Haji hayupo kitandani. Sikushtuka.

Bi. Mize kaja baadaye na ufunguo. Wa mlango wa ua wake, mzito, wa chuma cha zamani. Kasema yeye huenda sokoni mapema, na Haji hukaa kizingitini akimsubiri, na haifai mtu kusubiri nje wakati ndani kuna kiti chake. Kaniwekea mkononi, kashuka kabla sijajibu.

Nimeufunga kwenye pindo la khanga. Nimechemsha chai ya mchaichai, vikombe vitatu. Nimekwenda chini.

Haji na Bi. Mize wamekaa kando ya birika, wanatazama maji. Nimekaa nao.